GARI LAWEZA KUVUTA: JE, LAWEZA KUBEBA?

Dada yangu na mumewe hukaa Denver, mji mkuu wa jimbo la Colorado, nchini Marekani. Shemeji ni dereva wa lori la masafa marefu, kazi ambayo watu wengi wa Afrika Mashariki waliohamia nchi ile wameishika. Wana watoto wawili wa shule. Nilipokwenda kuwatembelea katika majira ya joto ya mwaka 2023, niliwakuta wana furaha kubwa, maana walikuwa karibu kununua nyumba. Lakini nyumba hiyo haikuwa ya matofali wala ya miti. Ilikuwa na magurudumu manne chini yake.

Habari ya nyumba hiyo ndiyo nitakayowasimulia leo, wasomaji wapenzi, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa kila mtu mwenye gari, awe anakaa Denver au Dodoma.

NYUMBA YENYE MAGURUDUMU

Wamarekani wengi hupenda kupumzika na jamaa zao porini na milimani, na badala ya kulala hotelini huivuta nyumba yao nyuma ya gari. Nyumba hiyo ni tela. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, friji, meza ya kulia, choo na bafu. Mtu mwenye mshahara wa kawaida akipata tela la namna hiyo kwa bei nafuu, ameokoa fedha nyingi za hoteli kwa miaka mingi.

Matela hayo ni ya namna mbili hasa. La kwanza hufungwa nyuma kabisa ya gari, penye bampa, juu ya kirungu cha chuma. La pili huitwa "gurudumu la tano." Sehemu yake ya mbele imeinuka na kupita juu ya bodi la pikapu. Chini ya sehemu hiyo imesimama pini ya chuma yenye unene wa inchi mbili, nayo huingia katika sahani ya chuma iliyofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo. Aliyekwisha kuona malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma, au Mombasa kwenda Malaba, anajua jambo hili, maana kichwa cha lori na tela lake huungana kwa njia hiyo hiyo.

Jina lenyewe ni la zamani. Magari ya farasi yalikuwa na duara la chuma lililolazwa juu ya ekseli ya mbele ili ekseli ipate kugeuka, na watu wakaliita gurudumu la tano. Mwaka 1914, mhunzi mmoja wa Detroit, August Fruehauf, alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao tela la kuchukulia mashua yake, likavutwa na gari la Ford Model T. Na katika miaka ya 1920 Glenn Curtiss, ambaye alijulikana zaidi kwa kuunda ndege, alitengeneza nyumba ya safari iliyoitwa Aerocar, nayo ilivutwa kwa mtindo huo.

Sifa ya tela la gurudumu la tano ni utulivu. Kwa kuwa pini hukaa karibu na ekseli ya nyuma ya gari, upepo hauliyumbishi kwa urahisi kama tela la kufungwa kwenye bampa. Lakini shida yake iko hapo hapo penye sifa yake, kama tutakavyoona.

PIKAPU NZEE NA TELA LILILOTUMIKA

Shemeji alikuwa na pikapu ya Ford F-250 ya mwaka 2001, yenye injini ya dizeli ya lita 7.3. Ilikuwa imetembea sana, lakini injini yake ilinguruma vizuri na bodi lilikuwa safi. Kisha akasikia habari za mzee mmoja mstaafu aliyekuwa anauza tela la gurudumu la tano lililotengenezwa mwaka 2006, refu futi 29, kwa dola 9,500. Fedha hizo ilikuwa akiba yao ya miaka miwili. Shemeji alikwenda kulitazama mara mbili. Alifungua makabati, akalala kitandani, akawasha jiko. Alipenda kila kitu. Akanunua sahani ya gurudumu la tano iliyokwisha tumika, akaifunga katika bodi la pikapu yake.

"Pikapu yako italivuta hili bila kujua kama ina kitu nyuma," mzee alimwambia. Tena alisema kwamba mtu mwingine angekuja Jumamosi kulitazama.

Jioni ya Alhamisi tulikuwa mezani. Shemeji alikuwa akieleza jinsi atakavyokwenda asubuhi ya Jumamosi na fedha taslimu. Dada alisikiliza, kisha akaweka kijiko chini.

"Baba watoto, nikuulize neno?"

"Uliza, mama watoto."

"Huko kazini, lori lako hulipeleka mizani?"

"Nikipakia mzigo mzito, lazima. Nikizidisha uzito nitatozwa faini, na mimi ndiye nitakayewajibika."

"Na hili tela, limepimwa?"

"Uzito wake umeandikwa katika karatasi za kiwanda."

"Sikuuliza lililoandikwa. Nauliza lililopimwa. Kwenye lori unachukua mali ya watu, nayo unaipima. Humu utatuchukua sisi."

Shemeji hakujibu. Alinitazama mimi kana kwamba ningemsaidia. Lakini mimi ni nani hata niingie kati ya mtu na mkewe? Nilimtazama wali wangu.

PUNDA NA MKOKOTENI

Swali la dada lilikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe. Maana kuvuta na kubeba ni mambo mawili mbalimbali, na wanunuzi wengi wa matela huuliza la kwanza tu.

Mfikirie punda. Aweza kuvuta mkokoteni wenye magunia sita, akaenda nao vizuri. Lakini mwekee magunia matatu mgongoni, atapiga magoti. Nguvu za kuvuta ni za miguu na kifua; nguvu za kubeba ni za mgongo. Gari nalo ni hivyo. Nguvu za kuvuta hutoka katika injini na giaboksi. Nguvu za kubeba ziko katika springi, ekseli, matairi, chasisi na breki.

Tela la kufungwa kwenye bampa huliegemezea gari sehemu ndogo ya uzito wake, kama asilimia 10 mpaka 15. Lakini la gurudumu la tano huegemeza asilimia 15 mpaka 25 juu ya pini, na watu wengi hupigia hesabu asilimia 20, yaani sehemu moja katika tano. Uzito huo wote hukaa mgongoni mwa pikapu. Kwa hiyo pikapu aghalabu hufika mwisho wa kubeba zamani kabla haijafika mwisho wa kuvuta.

Je, mwisho wa kubeba utaujuaje? Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko cha kiwanda. Humo mmeandikwa uzito wa mwisho unaoruhusiwa: gari lenyewe, mafuta, watu, na kila kilichowekwa juu yake, pamoja na uzito wa pini. Kwa pikapu ya shemeji uliandikwa ratli 8,800. (Wamarekani bado hupima kwa ratli, ratli 100 ni kama kilo 45.) Kadhalika huandikwa mwisho wa kila ekseli. Ekseli ya nyuma ilikuwa na ratli 6,084. Ukitaka kujua hesabu hiyo ilitoka wapi, soma ubavu wa tairi la kiwanda: kila moja huchukua ratli 3,042, na mawili ni 6,084 kamili.

Magari ya karibuni, tangu yale ya mwaka 2006 hivi, huwa na kibandiko cha pili kisemacho waziwazi kwamba watu na mizigo pamoja wasizidi uzito fulani. Pikapu za zamani mara nyingi hazina kibandiko hicho. Hapo hakuna njia ila moja: lipime gari lako mwenyewe, kisha utoe katika uzito wa mwisho. Wala usidanganywe na majina ya "nusu tani," "robo tatu ya tani" na "tani moja" ambayo watu huziita pikapu hizi. Ni majina yaliyobaki tangu zamani, wala hayaonyeshi kipimo cha leo.

SIKU YA MIZANI

Ijumaa shemeji alimpigia simu mzee mwenye tela, akamwomba wakutane kwenye kituo cha mafuta cha malori kando ya barabara kuu. Mzee alikubali, akalivuta tela kwa gari lake mwenyewe, pikapu ya tani moja yenye matairi mawili mawili kila upande nyuma.

Sisi huku kwetu tumezoea mizani za serikali, kama ile ya Vigwaza au ya Mariakani, ambako dereva huingia na hofu moyoni. Lakini Marekani, mbali na mizani za serikali, ziko mizani za biashara katika vituo vya malori. Kampuni ijulikanayo zaidi ni CAT Scale, iliyoanza mwaka 1977. Mtu yeyote aweza kuingia na gari lake, akalipa dola chache, akapewa karatasi. Mizani ina mabamba matatu: la ekseli ya mbele, la ekseli ya nyuma, na la magurudumu ya tela. Hakuna askari, hakuna faini. Hapo mtu hujipima mwenyewe.

Kwanza tuliipima pikapu ya shemeji. Tangi lilikuwa limejaa dizeli, sahani ya gurudumu la tano ilikuwamo, na ndani tulikuwa na dada na watoto. Mimi nilishuka, kwa kuwa sikuwa katika hesabu. Mbele ratli 4,280, nyuma 3,380, jumla 7,660.

Kisha tukalipima tela likiwa limefungwa kwa gari la mzee. Jumla ya vyote viwili ilikuwa 17,240. Katika hizo, magurudumu ya tela yalichukua 7,480, na gari la mzee 9,760. Mzee akalifungua tela pembeni, akarudi mizani na gari lake tupu: 8,000 kamili.

Basi hesabu ni nyepesi. Gari la mzee lilikuwa na 8,000. Lilipofungiwa tela likawa 9,760. Ratli 1,760 zilizoongezeka ndizo uzito wa pini. Tela lote lilikuwa 1,760 na 7,480, yaani 9,240. Pini ilikuwa asilimia 19.

Na tela lilikuwa tupu! Hapakuwa na maji, wala chakula, wala blanketi.

HABA NA HABA

Hapo ndipo penye mtego wa uzito wa karatasi za kiwanda. Uzito ule ni wa tela lilivyotoka kiwandani, pengine hata kabla ya kutiwa betri na mitungi ya gesi. Lakini hakuna aendaye safari na nyumba tupu. Galoni moja ya maji ya Kimarekani ina uzito wa ratli 8 na zaidi kidogo. Tangi la galoni 50 likijaa, umeongeza ratli 400 na kitu. Tia mitungi miwili ya gesi, sufuria, vyakula, matandiko, viti, vifaa vya ufundi, baiskeli za watoto. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hujaza gunia. Shemeji na dada waliandika kila kitu katika karatasi, wakafika ratli 1,400.

Kwa hiyo tela la safari lingekuwa na ratli 10,640. Asilimia 19 ya hizo ni kama 2,020. Tukajumlisha: pikapu 7,660 na pini 2,020 ni 9,680. Uzito wa mwisho ni 8,800. Zimezidi ratli 880, yaani kama kilo 400. Ni sawa na magunia manne ya mahindi ya kilo 100 juu ya mwisho wa gari.

Na je, kuvuta? Kwa pikapu ile, kiwanda kiliruhusu gari na tela pamoja kufika ratli 20,000. Vyote viwili vingekuwa 18,300. Mzee hakusema uongo: pikapu ingelivuta tela lile. Lakini isingeweza kulibeba kwa haki.

UBISHI WA SHEMEJI

Mtu aliyependa kitu haachi upesi. Jioni ile shemeji alitupeleka kwa fundi mmoja wa kwetu, mtu wa Nakuru, ambaye amefanya kazi ya magari makubwa huko kwa miaka mingi. Tulimkuta gereji kwake, akifuta mikono.

"Shikamoo, mzee," alisema shemeji.

"Marahaba, kijana wangu. Una neno gani?"

Shemeji akaeleza yote. Kisha akasema, "Mzee, nikiongeza springi za upepo nyuma, si mambo yatakuwa sawa?"

"Zitainua mkia wa gari, lionekane limesimama sawa," alijibu fundi. "Breki zitabaki zile zile. Ekseli ile ile. Chasisi ile ile. Kibandiko cha mlangoni hakitabadilika kwa kuwa umeongeza mifuko ya upepo."

"Lakini ekseli ya nyuma bado ina nafasi. Ingefika 5,400 tu, na mwisho wake ni 6,084."

"Hapo umesema kweli, na wako wengi wanaoshika hoja hiyo. Lakini aliyelitengeneza gari hakuandika namba moja. Aliandika kadhaa, na zote zapasa kutimizwa. Namba ya ekseli yakuambia ekseli itachukua kiasi gani. Namba ya gari zima ndiyo mwisho ambao mtengenezaji amelihesabia gari lote likienda, likikata kona na likisimama. Wewe wataka kuchagua ile iliyo upande wako."

"Mbona rafiki yangu anavuta kubwa kuliko hili kwa pikapu kama yangu, naye hajapata shida?"

Fundi akacheka. "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwulize kama amewahi kuupima. Sasa na mimi nikuulize: tela hilo utalipeleka wapi?"

"Milimani, upande wa magharibi."

"Kwa barabara ya 70?"

Shemeji alinyamaza, maana aliijua barabara ile kuliko sisi sote. Kutoka Denver hupanda mpaka kwenye njia ya chini ya mlima iitwayo Eisenhower Tunnel, iliyo juu futi 11,158 kutoka usawa wa bahari, yaani kama mita 3,400. Kisha huteremka kwa mteremko mrefu mkali. Kando ya barabara zimejengwa njia za kuokoa malori ambayo breki zake zimekwisha: njia za changarawe nyingi zipandazo kilima, lori liingie humo lizame na kusimama. Shemeji mwenyewe alikuwa ameona lori limezama humo, matairi yakitoa moshi.

"Unapanda kwa injini," alisema fundi, "lakini unateremka kwa breki. Pikapu ya mwaka 2001 haikutoka kiwandani na breki ya kuzuia injini kama lori lako. Ukikanyaga breki muda mrefu zinashika moto, na zikishika moto hazishiki gari. Kilo 400 za ziada hutazijua Denver mjini. Utazijua pale."

Nilimwona shemeji akiinamisha kichwa. Nadhani hapo ndipo aliponunua au kuacha kununua, wala si Jumamosi.

KAMA UNATAKA KUNUNUA

Fundi alitupa mashauri mengine, nami niliyaandika, kwa kuwa yafaa kwa mtu ye yote anayetaka kulioanisha tela lililotumika na pikapu nzee.

Kwanza, pima gari kabla ya kutafuta tela. Chukua uzito wa mwisho, toa uzito wa gari likiwa na watu wako, mafuta na sahani. Kilichobaki, kizidishe kwa tano. Hicho ndicho kiasi cha tela la gurudumu la tano lililojaa mizigo ambalo gari lako litalibeba. Shemeji alikuwa na ratli 1,140 zilizobaki. Mara tano ni 5,700. Matela ya gurudumu la tano mepesi hivyo ni machache sana.

Pili, soma umri wa matairi ya tela. Ubavuni mna namba nne za mwisho: mbili za juma na mbili za mwaka. Ukiona 2317, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2017. Tela husimama juani muda mrefu, na tairi huzeeka ijapokuwa kashata zake bado ni ndefu. Likipita miaka mitano mpaka saba, hesabu bei ya mapya katika bei ya tela. Tena matairi mengi ya matela yameundwa kwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa.

Tatu, breki. Tela kubwa huwa na breki zake za umeme, na pikapu lazima iwe na kifaa cha kuziongoza karibu na usukani. Pikapu nyingi za zamani hazikuja nacho, hufungwa baadaye. Jaribu breki za tela peke yake kwa mwendo wa pole, usikie kama tela linalivuta gari nyuma. Jaribu pia swichi ya waya mwembamba ambayo hulifunga tela breki lenyewe likichomoka, na uangalie kama betri yake ni nzima.

Nne, urefu wa bodi. Lenye futi 8 halina shida. Bodi fupi la futi 6 na nusu laweza kuleta hatari: ukikata kona kali, pembe ya tela hugonga kabini na kuvunja kioo cha nyuma. Ziko sahani zinazosogea nyuma kwa ajili ya kazi hiyo, lakini ni nzito zaidi, na uzito wake nao huhesabiwa.

Tano, usawa. Tela likiwa limefungwa lisimame sawa, lisiinue pua. Na kati ya ukingo wa bodi na tumbo la tela pawe na nafasi ya inchi 5 na nusu au 6, ili gari likiyumba visigongane.

Sita, kutu na nyufa. Lala chini ya pikapu na tochi. Katika majimbo ya baridi hutiwa chumvi barabarani kuyeyusha barafu, nayo hula chasisi na mabomba ya breki. Katika tela, tazama penye maungio ya sanduku la pini. Ufa mdogo wa rangi waweza kuwa ufa wa chuma.

Saba, maji. Bonyeza sakafu na pembe za kuta kwa kidole, hasa chini ya madirisha na pembeni mwa paa. Pakiwa laini, mbao zimeoza ndani, na hasara yake huweza kupita bei ya tela.

Nane, joto. Giaboksi nzee ya otomatiki huuawa na joto. Badilisha mafuta yake, safisha rejeta, na ufunge kipimo cha joto kama hakipo.

Mwisho, kila ufungapo tela, usiamini macho. Zuia magurudumu kwa vigingi, hakikisha taya za sahani zimeikumbata pini, kisha funga breki za tela na ulivute polepole kabla ya kuinua miguu yake. Matela mengi yameanguka juu ya bodi la pikapu kwa kuacha jambo hili la dakika moja.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Jumamosi asubuhi shemeji alikwenda kwa mzee, nami nikafuatana naye. Alimwambia kweli, akamwonyesha karatasi. Mzee alizitazama muda, akasema kwamba kwa miaka yote hakuwahi kulipima tela lake, na kwamba hatamlaumu mtu kwa kuwapenda watoto wake. Tela lilinunuliwa na yule mwingine, ambaye alikuwa na pikapu ya tani moja yenye matairi mawili mawili. Hilo ndilo gari lililolifaa.

Njiani kurudi shemeji alikuwa kimya. Nilimwuliza kama ana majuto.

"Shemeji," alisema, "miaka kumi nimepima mizigo ya watu. Sikufikiri hata mara moja kupima wangu."

Mwezi wa kumi dada aliniarifu kwamba wamepata tela jingine, la kufungwa kwenye bampa, dogo kidogo. Safari hii walipima kwanza. Likiwa limejaa vitu vyote lilikuwa na ratli 6,800, na uzito ulioegemea gari ulikuwa 816. Walikuwa wameitoa sahani nzito na kuiuza, wakafunga kiungio chenye vyuma vya kugawanya uzito mbele na nyuma, baada ya kusoma kwenye lebo yake kwamba chaweza kuuchukua uzito huo. Jumla ya pikapu ikawa 8,416, chini ya mwisho wake kwa ratli 384. Halina nafasi ya kutosha kama lile la kwanza, alisema, na watoto hulala kitanda kimoja juu ya kingine. Lakini wamekwisha vuka mlima nalo, wakateremka kwa gia ya chini, polepole, malori yakiwapita.

Karatasi ya mizani ameibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, mle mle telani.

Basi, wasomaji wapenzi, huku kwetu hatuvuti nyumba. Lakini tunapakia pikapu viazi mpaka springi zinalala, na tunajaza abiria mpaka mlango haufungi, tukisema, "Litafika tu, injini bado ina nguvu." Kabla hatujasema hivyo, na tukumbuke swali la dada yangu. Hakuuliza kama gari litavuta. Aliuliza kama mzigo umepimwa, na ni nani aliyemo ndani.